Aliyehesabu Mpaka Kenda

Malenga wenzangu, naanza na kero ya mizani. Mwaka uliopita nilikuwa nikitunga tarbia ya kumkumbuka bibi yangu mzaa mama, na mshororo mmoja ukanigomea. Ukwapi wake ulikuwa na mizani saba badala ya nane, na neno lililoleta upungufu lilikuwa hilohilo, saba. Nililigeuza juu chini kwa siku mbili. Saba ni mizani mbili, nami nilihitaji tatu. Siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo, neno likaja lenyewe: fungate.

Msomaji wa leo akiliona neno hilo atawaza maharusi, na hatakuwa amekosea. Fungate ni zile siku za mwanzo wa ndoa ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani wakihudumiwa kwa chakula na manukato. Watu wa mjini wamelinyoosha neno mpaka sasa linachukua hata wiki mbili za hotelini. Lakini siku zile hazikuitwa fungate kwa sababu ya mapenzi. Ziliitwa hivyo kwa sababu zilikuwa saba. Fungate ni namba. Ni saba ya zamani, iliyokuwapo kabla ya saba tuliyoipokea kutoka kwa Waarabu, na ilipofukuzwa katika kuhesabu ilijificha chumbani mwa maharusi, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kuitafuta.

Wenzake walikuwa tandatu na kenda. Tandatu ni sita. Wajuzi huona ndani yake tatu na tatu, kama nane ilivyo nne na nne. Kenda ni tisa, na wengi wetu bado tunaisikia, walau katika jina la Wamijikenda, watu wa miji tisa. Katika namba za moja hadi kumi, Kiswahili kilibadilisha hizo tatu tu, kikaiacha nane katikati yao kama mgeni nyumbani kwake. Sisi watunzi tunapojisifu kwamba mshororo wetu una mizani kumi na sita, tunatamka kumi ya Kibantu na sita ya Kiarabu kwa pumzi moja, wala ulimi haujikwai.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Kwa masikio nilikuja kuyajua siku ya arobaini ya mama mkubwa, huko kwetu upande wa Saadani.

Nieleze kwanza kwetu ni wapi. Mimi ni mtu wa Bagamoyo. Baba yangu ni wa mji, wa Mrima hasa, na nyumbani tulisema Kiswahili. Mama yangu alitoka ng'ambo ya mto Wami, kaskazini, ambako Waswahili, Wadoe na Wazigua wamekaa pamoja kwa muda mrefu. Bibi alikuwa Mzigua. Tukienda kwake likizo alitusemesha kwa Kizigua, nasi tulimjibu kwa Kiswahili, na jambo hilo tuliliona la kawaida kabisa. Shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha mti kilichofungwa kamba. Aliyeponyokwa na neno la kilugha alikivaa shingoni mpaka ampate mwingine wa kumvisha. Mimi nilikivaa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimehesabu machungwa kwa sauti, kama bibi alivyokuwa akihesabu mayai ya kuku wake. Baada ya hapo sikuhesabu hivyo tena, hata nikiwa peke yangu.

Basi siku ile ya arobaini nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa kwenye masufuria, wanaume tumekaa chini ya mwembe, na mtoto wa mjomba wangu alikuwa amekuja na mumewe, ambaye wengi tulikuwa tunamwona kwa mara ya kwanza. Alitoka Chogo, kule Handeni, kwenye makazi ya wakimbizi wa zamani. Watu walimwita "yule Msomali", si kwa ubaya, ila kwa namna ile ya kumwekea mtu alama ya wepesi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri chenye lafudhi ngeni. Aliombwa ahesabu sinia za pilau zitakazopelekwa msikitini. Akazihesabu kimoyomoyo mwanzo, kisha alipofika katikati sauti ikamtoka: shano, mtandatu, mfungate, mnane, kenda, kumi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, lakini masikio yalikuwa mazima. Akainua kichwa.

"Nani anahesabu?"

"Ni mkweo, bibi. Yule Msomali."

"Msomali gani huyo? Mwiteni."

Shemeji akaja, akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamshika mkono asiuachie. "Mume wangu," alimwambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "umezaliwa wapi?" Akajibu kwamba alizaliwa karibu na Jamame, kwenye mto Juba. Bibi akamwuliza jambo jingine kwa Kizigua, naye akajibu kwa Kizigua. Wakaendelea. Mazungumzo yao yalikwenda kwa mwendo ambao sisi wajukuu hatukuweza kuufuata. Tulinasa neno hapa na neno pale. Kulikuwa na mahali walipokwama, mmoja akasema neno na mwingine akatikisa kichwa, wakazunguka, wakakutana mbele. Mwishowe bibi alitugeukia sisi tuliozaliwa mikononi mwake, akasema kwa Kiswahili ili tusikie vizuri: "Huyu ni wa hapa. Wageni ni nyinyi."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Habari ya watu wake nimeifuatilia baadaye. Katika miaka ya 1830 nchi ya Uzigua ilipatwa na ukame na njaa kali ambayo Wazigua huikumbuka kwa jina la Kidyakingo, yaani kula ngozi, kwa kuwa walifika mahali pa kuchemsha ngozi. Watu waliteremka Pwani kutafuta chakula. Wapo waliojiweka rehani, wapo waliouza watoto, na wapo waliodanganywa kwamba kuna kazi na shibe ng'ambo. Majahazi yaliwachukua kutoka Mrima hii hadi bandari za Benadir, wakauzwa kwenye mashamba ya mto Shebelle. Baada ya miaka wengine wakatoroka. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mwenye maono, Wanankhucha, aliyewaongoza kuelekea kusini kwa nia ya kurudi nyumbani. Walifika bonde la Juba, penye misitu mizito na mbung'o, mahali ambapo wafugaji wa ngamia hawakupapenda, wakakaa. Wakalima. Wakaitwa Wagosha, watu wa msituni, na Mushunguli, jina ambalo wengi wanaliona kuwa ni Mzigula lililopindwa na ulimi mwingine, na jina jingine la kuwadhalilisha kwa nywele zao. Mateka wengine waliokimbilia bonde hilohilo, Wayao, Wamakua na Wanyasa, wengi wao walihamia lugha za Kisomali. Hawa wa Wanankhucha walibaki na Chizigula chao zaidi ya miaka 150.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawang'oa tena. Maelfu walikaa kambini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 wengi wakapelekwa Marekani, ndiyo maana leo Kizigua kinasemwa hata Boise, katika jimbo la Idaho lenye theluji. Wengine walikuja moja kwa moja Tanga kwa bahari, njia ileile ya mababu zao ikiwa imegeuzwa, wakawekwa Mkuyu na baadaye Chogo, ndani ya Uzigua yenyewe. Hawakuwa na hati wala picha ya ukoo. Walichokuwa nacho mkononi ni lugha. Wenyeji waliwasikia wakisema, wakawajua. Serikali baadaye iliwapa wengi wao uraia.

Nimejiuliza kama kuna watu wengine duniani waliotambuliwa asili yao kwa namna hiyo, kwa maneno tu, na jibu la karibu kabisa nililolipata ni Waroma wa Ulaya. Hao waliingia Ulaya Magharibi yapata miaka 600 iliyopita, na wenyeji wakawadhania kuwa Wamisri. Jina la Kiingereza la kuwaita Wajipsi limetokana na kosa hilo. Kosa likadumu. Kisha mwaka 1782 Mjerumani Johann Rüdiger akachapisha makala baada ya kumsikiliza mwanamke mmoja wa Kiroma na kulinganisha maneno yake na lugha za India. Kumbe hawakutoka mto Nile hata kidogo.

Ushahidi wake hauhitaji shahada. Niliandika maneno machache ya Kiromani kwenye karatasi, nikaenda nayo Barabara ya India hapa Bagamoyo, kwenye duka la mzee mmoja Mgujarati ninayenunua kwake misumari na rangi. Nikamsomea. Pani? Maji, akasema. Nakh? Akagusa pua yake. Deš? Kumi, sisi tunasema das. Akaniuliza maneno haya ni ya watu wa Gujarat ya wapi. Nilipomwambia ni ya watu wa Romania, Hungaria na Finland, waliotoka India yapata miaka elfu moja iliyopita, aliichukua karatasi akaikodolea macho muda mrefu. Hakunirudishia. Nadhani bado iko kwenye droo yake ya stakabadhi.

Kilichonivutia zaidi katika Kiromani ni namba zake. Tano ni pandž, na hiyo ni ya India moja kwa moja. Lakini saba ni efta, nane ni oxto, tisa ni enja: hizo tatu ni za Kigiriki, zimeokotwa njiani Waroma walipokaa karne kadhaa kati ya wasemao Kigiriki. Barabara nayo, drom, ni ya Kigiriki. Farasi, grast, ni neno la Kiarmenia. Ukiyapanga maneno hayo unaiona safari yao yote bila ramani. Na hakuna mtaalamu hata mmoja anayesema kwamba kwa kuwa Waroma huhesabu saba, nane na tisa kwa Kigiriki, basi lugha yao ni ya Kigiriki.

Sasa tuje kwetu. Ni mara ngapi nimesikia barazani, tena kwa watu wenye elimu yao, kwamba Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu? Hoja inayotolewa ni hizohizo sita, saba, tisa, na maneno kama kitabu, dunia, habari. Mimi huwauliza wanawake wa mtaani kwetu wanaosuka mikeka. Ukindu unakatwa porini, unakaushwa, unasukwa ukili kwa vidole vya mama zao. Rangi ya zambarau inanunuliwa dukani. Hakuna anayeuita mkeka huo wa dukani. Sema "watoto saba wamekisoma kitabu": saba na kitabu ni rangi ya dukani, lakini tazama jinsi kitabu kilivyotekwa, silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu ikageuzwa ki- ya ngeli, wingi ukawa vitabu, jambo ambalo Mwarabu hawezi kulitambua kwake. Usukaji ni wetu. Ndugu wa karibu wa Kiswahili ni lugha za Mijikenda, Kipokomo na Kingazija. Wanaisimu huliita kundi hilo Sabaki, na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliliandikia kitabu kinene mwaka 1993. Kizigua ni cha kundi la jirani, Seuta, pamoja na Kinguu, Kibondei na Kisambaa. Kizaramo, Kikwere na Kidoe cha hapa Bagamoyo wako kundi la tatu, la Ruvu. Basi bibi na mimi tulikuwa tunasema lugha za ndugu wawili, yeye ya mmoja na mimi ya mwingine, na shuleni nilivishwa mti shingoni kwa kosa la kumtembelea binamu.

Udugu huo husikika hata katika jina. Sisi Waswahili tunasema Mzigua. Wenyewe wa Juba wanasema Mzigula. Kiswahili kina tabia ya kuidondosha l ya kale katikati ya irabu, ndiyo maana sisi tuna njaa na jirani zetu kadhaa wana nzala. Tuliwapa watu jina lao tukiwa tumeling'oa jino moja.

Nisije nikafanya kosa la kumfanya shemeji kuwa mtakatifu wa lugha safi. Kizigua cha Juba si kile kilichoondoka enzi zile kikiwa kimehifadhiwa kwenye chumvi. Siku nyingine alikula kwetu Bagamoyo, tukampa tambi, akaziita baasto. Nikamwuliza hilo ni la Kizigua? Akasema ndiyo, wala hakuelewa kwa nini nauliza. Ni la Wasomali, nao walilipata kwa Waitaliano waliowatawala. Bibi kwa upande wake alisema meza na shule katika Kizigua chake bila kujua kwamba la kwanza lilikuja na Wareno na la pili na Wajerumani, haohao waliopigana na Bwana Heri pale Saadani mwaka 1889. Ndiyo maana siku ile ya arobaini walikwama hapa na pale: kila mmoja alikuwa na mihuri yake ya bandari. Hizo ndizo lahaja. Zinaanza mahali watu wawili waliokuwa wanakula sinia moja wanapoanza kununua chumvi kwa wachuuzi tofauti.

Lakini mihuri haikuziharibu namba zake. Hili ndilo linaloniuma, na nimejaribu kulieleza bila kulipamba. Aliyetekwa, akavushwa bahari, akauzwa, akatoroka, akaitwa majina ya matusi, mjukuu wa wajukuu wake alirudi akiwa na mfungate. Mimi ambaye ukoo wangu haukusogea hata maili moja kutoka Wami nilirudi pale na saba. Hakuna jahazi lililonichukua. Nilivishwa kipande cha mti mara mbili, basi, ikatosha.

Kuna jambo moja zaidi la Waroma. Katika baadhi ya nchi, kama Uhispania na Uingereza, lugha yao imebaki msamiati tu: sentensi ni ya Kihispania au ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, ndani yake yamepachikwa maneno ya Kiroma ambayo jamaa hutumia wao kwa wao. Nilipolisoma hilo nilijitambua. Kizigua changu ndicho hicho. Nina maneno kama arobaini, karibu yote ya jikoni na ya kuku, nami huyapachika katika Kiswahili ninapozungumza na dada zangu. Watoto wetu hawana hata hayo.

Bibi alifariki masika mawili baada ya arobaini ile. Katika muda huo shemeji alikuja mara nyingi kuliko mjukuu yeyote, naye hakuwa wa damu. Walikuwa wakikaa mlangoni, yeye akimchambulia mchele, bibi akimsahihisha. Ndiyo, alimsahihisha pia! Kulikuwa na maneno aliyomwambia kwamba hayasemwi hivyo, na yeye akajibu kwamba kwao Juba ndivyo yalivyosemwa, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Shairi langu limekamilika. Nimeweka fungate katika ule mshororo na mizani imetimia nane. Rafiki mmoja mtunzi aliyelisoma ameniandikia akilalamika kwamba habari za fungate zinaingiaje katika ubeti wa kilio, na anashauri nibadilishe ukwapi mzima nirudishe saba. Nimekataa. Ameniambia basi niweke maelezo chini ya shairi. Hilo nalo nimelikataa, ingawa naona sasa kwamba makala hii ndiyo maelezo yenyewe, na ni marefu kuliko alivyoomba.

Siku hizi nikipungukiwa na neno nampigia shemeji simu Chogo. Wiki iliyopita nilimwuliza neno ambalo bibi alikuwa akilisema jioni anapofunga banda la kuku, peke yake, kwa sauti ya chini. Nilikumbuka mlio wake, neno lenyewe limenitoka. Alinitajia matatu. Nilimwomba arudie la pili. Akarudia, polepole, kisha akaniuliza kama nina kalamu.